Steringi Akiwa Jambazi: Mwalimu, Mwanagenzi na Kitabu cha Pili

(Hotuba niliyoitoa mbele ya waandishi chipukizi, Dar es Salaam. Nimeinyoosha kidogo ili isomeke.)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, dada zangu, wadogo zangu, habari za mchana na poleni na joto. Nimepewa dakika ishirini, na nimeambiwa ile feni ni pambo tu, kwa hiyo sitawachelewesha.

Mwenyekiti ameniomba niseme kuhusu namna ya kuandika mwendelezo, kitabu cha pili baada ya cha kwanza kupendwa. Nikamwambia sijawahi kuandika mwendelezo wowote unaostahili kuzungumziwa hapa, ila upo mmoja niliousoma mara nne. Akasema hewala, zungumza huo. Sasa nawaomba radhi mapema, maana ni kitabu cha Star Wars, zile filamu za vita vya angani, na naona sura za baadhi ya wazee zimeshabadilika. Vumilieni. Na nitafichua mwisho wake, kwa hiyo kama kuna mtu alitaka kukisoma bila kuharibiwa, mlango ule pale.

Kwanza niwakumbushe tulikotoka. Sisi tuliolelewa na vibanda vya video, tuliobanana kwenye mabenchi tukisikiliza tafsiri za Lufufu, yule aliyetusimulia filamu za nje kwa Kiswahili, tunajua sheria moja ambayo hakuna aliyetuandikia: steringi hafi. Risasi zinamiminika, nyumba inalipuka, wewe moyo unakudunda, jirani yako anakugonga bega, "Tulia wewe, huyo steringi." Na jambazi, hata awe na koti zuri na maneno matamu kiasi gani, tunajua atalala chini kabla ya kutoka kwenda kununua muhogo. Tulikuwa tukiingia kibandani tukiwa na dakika mbili za wasiwasi, za kumtambua steringi ni yupi. Baada ya hapo ni starehe tupu.

Kitabu ninachosema kinaitwa Darth Bane: Rule of Two, yaani Kanuni ya Wawili. Kiliandikwa na Drew Karpyshyn, Mkanada, kikatoka mwishoni mwa mwaka 2007. Ni cha pili katika vitatu: cha kwanza kilitoka 2006, cha tatu 2009. Na ndani yake steringi ni jambazi. Msaidizi wa steringi naye ni jambazi. Wote wawili hawafi, na kila mtu mwema anayewasogelea anajuta. Mara ya kwanza kukisoma nilikuwa kama mtu aliyeingia kibanda akakuta benchi zimegeuzwa zinatazama ukuta wa nyuma.

Nieleze cha kwanza kwa ufupi, bila hivyo hamtanielewa. Ni kama miaka elfu moja kabla ya filamu tunazozijua. Kuna kijana anaitwa Dessel, mchimbaji wa madini katika sayari maskini inayoitwa Apatros. Baba yake mlevi, anampiga, anamwita balaa la maisha yangu. Hilo neno balaa, kwa Kiingereza chao, ndilo Bane, na kijana atakuja kulivaa kama jina la utawala. Anaua mtu katika ugomvi uliotokana na mchezo wa karata, anakimbia, anaingia jeshi la Sith, ambao ndio wabaya wa ulimwengu ule. Anapelekwa shule yao, anasoma, na kadiri anavyosoma ndivyo anavyowadharau walimu wake.

Kwa nini anawadharau? Hapa tutulie kidogo. Sith wa wakati huo walikuwa wengi, mabwana wakubwa wengi, wamejiunga katika udugu chini ya mkuu wao Kaan na wanaitana sawa kwa sawa. Bane akaona kasoro. Watu wanaoabudu nguvu wakiwa wengi, wanyonge kumi wataungana kumwangusha mwenye nguvu mmoja, kisha watagawana mabaki. Kila kizazi kinakuwa hafifu kuliko kilichotangulia, kama chai ya majani yaleyale inayochemshwa mara ya tano. Dawa yake ni kwamba wabaki wawili tu. Mmoja anayo nguvu, mwingine anaitamani. Mwalimu na mwanagenzi. Mwanagenzi akishakuwa na nguvu kumzidi mwalimu, amuue, achukue nafasi, atafute mwanagenzi wake. Basi Bane akamtega Kaan, Kaan akalipua silaha iliyowamaliza Sith wenzake wote pamoja na wengi wa Jedi, yaani mashujaa wa upande wa wema, waliokuwa karibu, katika sayari ya Ruusan. Akabaki peke yake. Kitabu kikaisha.

Kumbe tunao msemo kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Huyu bwana amelijenga zizi makusudi, akaingia fahali, kisha akaenda kutafuta ndama wa kumlisha vizuri ili siku moja amtoe yeye utumbo. Wazo hilo halikuanza na Karpyshyn, niseme haki. Liko katika filamu ya mwaka 1999, pale Yoda, mzee wa Jedi, anaposema kwamba Sith siku zote huwa wawili. Sentensi moja tu ya mzee mmoja. Karpyshyn akaichukua sentensi hiyo akauliza swali la fundi: sawa, lakini kila siku asubuhi hao wawili wanaishije?

Swali hilo linanigusa mimi binafsi. Wengi wenu mnajua nina kibanda cha kutengeneza simu. Hamjui nilivyoanza. Nilianza kwa fundi redio mmoja, nikiwa na miaka kumi na mitano. Alikuwa fundi kwelikweli. Redio iliyoshindikana mitaa mitatu ilikuwa inafufuka mikononi mwake. Nilifagia, nilifungua skrubu, nilipanga vifaa kwenye kopo la maziwa, nikajifunza kushika testa na kuchomelea waya. Lakini kila redio ikifika pale penyewe, pale ambapo ugonjwa unajulikana na dawa inawekwa, Fundi alikuwa ananyoosha mgongo, anapapasa mfukoni, anasema, "Mdogo wangu, hebu nikimbilie chai kwa mama pale. Usisahau tangawizi." Nikirudi na kikombe, redio inaimba, na mfuniko umeshafungwa skrubu zote.

Miaka miwili. Nadhani nimebeba chai inayoweza kujaza pipa. Simlaumu, alikuwa na watoto sita, na akijua kwamba siku nitakayojua yote nitafungua kibanda ng'ambo ya barabara na kuchukua nusu ya wateja. Alikuwa na akili timamu. Binadamu wa kawaida mwenye ujuzi humfundisha kijana wake asilimia tisini, kisha hutamani chai.

Sasa mtazameni Bane. Kanuni yake mwenyewe inamlazimisha afundishe hadi ile sehemu ya chai. Akibana chochote, kanuni imekufa, na yote aliyoyafanya Ruusan yanakuwa mauaji ya bure. Akifundisha yote, anainoa panga ya kumkata yeye. Ndiyo maana nasema kitabu cha kwanza kilituonyesha alivyo mkatili, lakini cha pili ndicho kilichotuonyesha yeye ni nani. Mbaya akiwa peke yake ni kelele na moshi. Mpe mtu wa kumfundisha, ndipo utaona anachokiamini.

Mwanagenzi wake ni mtoto wa kike. Ana miaka kama kumi, nyumbani wanamwita Rain, jina lake kamili Zannah. Jedi walikuwa wamemleta Ruusan pamoja na binamu zake, maana walikuwa wanakusanya hata watoto kwa ajili ya vita. Kule akapotea, akaokolewa na kiumbe mmoja wa mviringo mwenye manyoya anayeelea hewani, akawa rafiki yake. Jedi wawili wakamuua yule kiumbe wakidhani ni hatari. Mtoto kwa hasira akawavunja shingo wote wawili kwa Nguvu, ile nguvu isiyoonekana ambayo ulimwengu wao wote unaizunguka. Bane akampata pale, na maiti mbili pembeni.

Na somo la kwanza? Angalieni jinsi mwandishi alivyo mjanja. Ungetegemea ampe upanga wa mwanga. Anamwambia, mimi nina safari yangu, wewe jitafutie usafiri mwenyewe, tukutane sayari ya Onderon. Mtoto wa miaka kumi! Anamwacha kwenye uwanja wa vita uliojaa maadui. Mimi nimewahi kushushwa kwenye basi Chalinze usiku nikiwa mkubwa na nilitaka kulia.

Lakini kabla hawajaachana kuna kitendo kimoja, na ningependa kila mwenye kalamu humu akitazame kwa karibu. Binamu yake Zannah, Darovit, kijana mwenye ndoto za ushujaa, anawakuta pale silaha ilipolipukia. Anawasha upanga wake kumkabili Bane. Sote tunajua kitakachofuata: atakufa kama nzi. Zannah anatangulia. Kwa Nguvu anauponda mkono wa binamu yake uliokuwa na upanga, unabaki kisiki. Kisha anaondoka na mwalimu wake, na kijana anabaki hai.

Je, ule ni ukatili au ni huruma? Kamlemaza ndugu yake, kweli. Lakini mkono ule ndio uliomnusuru roho. Ukimuuliza yeye, anayo hoja tayari ya kumpa mwalimu, kwamba kumuua hakuna faida. Hoja nzuri, hoja ya Kisith kabisa. Ila msomaji ananusa kitu chini ya hoja. Karpyshyn hakukifafanua, akakiacha. Tukarushwa miaka kumi mbele.

Miaka kumi, kwa kufunua ukurasa tu! Mwandishi mwoga angetuandikia mafunzo yote, asubuhi za kukimbia milimani, jioni za kupigwa fimbo. Huyu karuka. Tunamkuta Zannah mwanamke mzima, na sasa tunalazimika kumsoma upya kama unavyomsoma mpwa wako aliyekwenda bweni mtoto akarudi na sauti nyingine. Na kwa kuwa hatukuwepo, hatuna uhakika kama kile tulichokinusa bado kipo. Kitabu kizima kinatembea juu ya shaka hiyo.

Wakati huohuo mwalimu naye kabadilika. Alikwenda Dxun, mwezi wa Onderon, kwenye kaburi la bwana mmoja wa kale, na huko akavamiwa na wadudu wenye magamba wanaoitwa orbalisk. Wanang'ang'ania mwilini kama kupe na hawatoki. Kuna faida: magamba yao hayakatwi na upanga wa mwanga, nao wanamwongezea nguvu na kuponya majeraha yake. Kuna gharama: wanamnyonya, wanamwaga sumu yao katika damu, wanachochea hasira asiyoweza kuitawala. Mtu aliyehubiri subira na ujanja sasa anabomoa vitu kwa ghadhabu. Waswahili tulishasema kikulacho ki nguoni mwako, lakini naapa sikuwahi kuiona methali hiyo ikitembea na miguu namna hii. Na ana vikulacho viwili, kimoja kimemganda kifuani, cha pili kinamwita bwana na kumtayarishia safari.

Bane anataka pia kutengeneza holokroni, aina ya kasha linalohifadhi elimu yote ya mtu kwa vizazi vijavyo. Anajaribu, linamharibikia. Anajaribu tena, linaharibika. Mtu huyu mwenye uwezo wa kuangusha majeshi hawezi kuuweka ujuzi wake mahali popote isipokuwa ndani ya kichwa cha yule binti. Mimi ningekuwa mhariri ningeomba kurasa zaidi za hapo, nipunguziwe mapanga.

Maana mapanga ni mengi, tusidanganyane. Karpyshyn alitokea kwenye michezo ya kompyuta, ndiye aliyekuwa mwandishi kiongozi wa Knights of the Old Republic ya mwaka 2003, na inaonekana. Kila baada ya kurasa kadhaa kuna pambano, kama vile msomaji ana kifaa cha kubonyeza mkononi. Jedi wake wengi ni mbao tupu, wema bila harufu. Yupo pia tajiri mmoja wa sayari ya Serenno, Hetton, aliyetumia mali yake kukusanya masalia ya Sith, anajua historia yote, ana walinzi wauaji wake mwenyewe, anadhani hilo linamfanya awe mmoja wao. Bane anamuua haraka. Nilicheka sana, kwa sababu sote humu tunamjua mtu mwenye rafu tatu za vitabu vya namna ya kuandika na hajawahi kumaliza hadithi moja.

Zannah ni kitu kingine. Hana misuli ya mwalimu wake. Bane aliligundua mapema, akamtafutia maandiko ya kale ya uchawi wa Sith, sihiri za kuingia katika akili ya mtu na kumwonyesha vitisho vyake mwenyewe hadi arukwe na wazimu. Na huo uchawi Bane mwenyewe hauwezi, hana kipaji nao. Mnaona? Anamfundisha asichokijua yeye, anampa silaha ambayo hataweza kuikinga kwa kuizoea. Fundi wangu alinifichia ugonjwa wa redio. Huyu anamwambia binti, hapa mimi kipofu, pita hapa.

Sasa twende mwisho, muda unaniishia. Jedi wanawafuata hadi sayari ya Tython. Pambano kubwa, Jedi wanakufa wote, lakini umeme wa Bane mwenyewe unamrudia, orbalisk wanaungua wakiwa mwilini mwake, sumu inammwagikia ndani. Mwalimu yuko chini, nyama imeiva, pumzi inahesabika. Zannah amesimama juu yake.

Fikirini mngeandika nini hapo. Kanuni imetimia? Hapana, maana hakumshinda, ajali ndiyo iliyomshinda. Angemwacha afe angerithi cheo bila kukistahili, na bado kuna mambo hajafundishwa. Kwa hiyo anambeba. Pamoja na Darovit, ndiyo, yule binamu, ambaye sasa ni mganga mwenye mkono mmoja na ambaye moyoni bado anaamini Rain yumo humo ndani, wanamkimbiza hadi sayari ya Ambria kwa mganga mkubwa aitwaye Caleb. Mzee huyu alishamtibu Bane zamani kwa kulazimishwa, na anakataa katakata. Vitisho havimtikisi. Mwishoni anatoa sharti moja: nitamtibu, lakini kwanza uwapelekee Jedi ujumbe kwamba Sith wako hapa, waje wamkamate. Zannah anakubali. Ujumbe unaondoka. Bane anatibiwa.

Jedi wanapowasili wanakuta mganga amekatwakatwa vipande, na kijana mwenye mkono mmoja anawarukia na upanga wa mwanga, macho yamemtoka, anapiga mayowe. Wanamuua. Wanahitimisha kwamba huyo ndiye alikuwa Sith wa mwisho, wanarudi nyumbani kuitangaza amani. Zannah na mwalimu wake wamejificha hapohapo. Ni Zannah aliyemtia wazimu binamu yake kwa ile sihiri.

Nilipofika hapo mara ya kwanza nilikifunga kitabu, nikarudi kwenye ule ukurasa wa mkono. Miaka kumi yote nilikuwa naweka akiba ya matumaini juu ya mkono ule. Mwandishi aliniachia mlango wazi mwanzoni kusudi nisikie vizuri unavyofungwa. Hakuna fujo ya mapanga kitabuni inayofikia hapo, na limefanyika ndani ya kibanda kimoja duni, na watu wanne.

Kuna kijana aliniuliza kabla hatujaanza kama hadithi hii "inahesabika", kwa sababu Disney iliinunua Lucasfilm, kampuni yenye Star Wars, mwaka 2012, na mwaka 2014 vitabu hivi vya zamani vikatengwa, vikaitwa Legends, yaani visa vya kale tu. Kwangu mimi inahesabika. Bibi yangu hakuwahi kupata kibali cha kampuni yoyote kuhusu sungura. Na kwa wale wanaoona Star Wars ni mambo ya wazungu, tafuteni filamu ya mwaka 1983, msikilizeni rubani aliyekaa pembeni ya mhusika Lando ndani ya chombo cha angani kiitwacho Millennium Falcon, yule mwenye mashavu makubwa, Nien Nunb. Sauti ile ni ya Mkenya, Kipsang Rotich, alikuwa mwanafunzi huko Marekani, na lugha ya anga za mbali anayoizungumza ni Kikuyu na Kikalenjin. Ulimwengu mzima ulisikia lugha ngeni tu, Nairobi wakacheka.

Nilisema nitawaambia kuhusu mwendelezo. Mwaka jana nilichukua kijana pale kibandani. Mwepesi, ana mikono mitulivu kuliko yangu, na macho yake bado yanaona vile vitu vidogo ambavyo mimi sasa natafuta kwa miwani. Siku moja tulikuwa na simu iliyoingia maji, mteja kaikatia tamaa. Tumeifungua, tumeisafisha, tumefika pale penyewe. Kijana kainama, pumzi zake nazisikia. Nikanyoosha mgongo. Nikapapasa mfukoni. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mdogo wangu, hebu nikimbilie chai."

Akaenda. Aliporudi nilikuwa nimeshafunga mfuniko.

Haya, maswali. Nianze na yule dada wa nyuma, amenyoosha mkono tangu tuko Serenno.